Mwaka wa Chupa ya Mvua

Tulimzika Minza huko Didia, na kijana aliyepewa kusoma wasifu wa marehemu akasema mbele ya watu wote kwamba mwalimu huyu alikuwa fundi wa mapishi, hakuna msichana aliyepita mikononi mwake akashindwa kuumua mkate. Watu wakaguna kwa kukubali. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye mkeka wa mbele, maana kwa umri wangu hawathubutu tena kuniweka nyuma, na nikasikia hasira inanipanda kama nimemeza kaa la moto. Minza hakupenda kupika. Mwaka mzima aliokaa nyumbani kwangu hakuwahi kusonga ugali usiwe na madonge, na ukimwambia anacheka, anaendelea kula. Kitu alichokipenda hakikutajwa hata kwa neno moja pale msibani. Basi nimerudi Geita, nimekaa kwenye meza ya gesti yangu, gesti niliyoijenga mwenyewe tofali kwa tofali bila mume wa kunishikia ngazi, na ninaandika. Nimesoma darasa la tatu. Mwandiko wangu ni kama kuku kaparua. Lakini nilikuwepo, na wale waliokuwepo wengine wamekufa, na waliobaki hawatasema.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mwaka ule wa ukame tulipokula unga wa njano wa msaada. Nilikuwa na hoteli kwenye kijiji kimoja kati ya Tinde na Didia. Jina la kijiji naliacha, wajukuu wa watu wapo. Nikisema hoteli usifikirie ghorofa. Ni chumba kimoja cha tope chenye meza mbili na mabenchi, ukuta wa mabati yaliyonyooshwa kutoka kwenye madebe ukitenga jiko na wateja, na nyuma ya jiko vyumba viwili, kimoja changu na mwanangu Shija, kingine cha kupangisha. Ule ukuta wa madebe ulikuwa na matundu ya misumari. Mtu akikohoa upande wa wateja mimi najua ana kifua cha aina gani. Kila nilichokijua kuhusu kijiji kile nilikijua nikiwa nimechuchumaa kwenye mafiga, mwiko mkononi, sikio ukutani. Hata leo mteja akinong'ona pale mapokezi nasikia, na wasichana wangu wa kazi wanashangaa.

Minza alishuka kwenye lori la pamba na sanduku la bati na godoro alilolikunja. Alikuwa mwembamba, mrefu, ana miaka kama ishirini, na alinipigia goti akaniamkia vizuri kama msichana aliyelelewa. Nikamuuliza yeye ni mke wa nani. Akasema si mke wa mtu, ameletwa kwenye shamba la mfano la pamba, kazi yake ni kupima mvua na joto. Nikamwambia, "Mdogo wangu, mvua yenyewe iko wapi?" Akacheka. "Nitapima hata kama haipo, dada. Ikiwa haipo naandika haipo." Nilidhani ni kichaa kidogo. Nikampa chumba.

Kabla yake kazi ile ilikuwa ya Luhende, kijana wa palepale, mcheshi, suruali pana chini kama sketi. Kipimo kilikuwa bomba la bati lililosimikwa kwenye uwanja wa shamba, mdomo wake kama faneli, na ndani kuna chupa inayopokea maji. Kila siku saa tatu asubuhi mpimaji anatakiwa afunue, atoe chupa, amimine maji kwenye kipimo cha kioo chenye mistari, asome, aandike, amwage, arudishe. Luhende alikuwa anaipimia mvua mezani kwangu. Anakunywa chai na kitumbua, anaita kupitia kwenye matundu, "Mama Shija, juzi ilinyesha kweli au ilinusa tu?" Mimi nasema ilinusa. Anaandika. Siku nyingine anawauliza madereva. Watu walimpenda, na hakuna aliyewahi kumuuliza chupa ile ni ya nini. Minza alipokuja, Luhende akapelekwa kusimamia ghala la pamba, na alifurahi, maana ghalani kuna kivuli.

Jioni tulikula pamoja, mimi, yeye na Shija, kwenye sinia moja. Ugali wa unga wa njano na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na tukibahatika maziwa ya mgando. Hapo ndipo alipokuwa anazungumza. Aliniambia kwamba shuleni kwao darasa la fizikia lilianza na wasichana watatu. Mmoja akaolewa likizo, wa pili akapata mimba akafukuzwa, akabaki yeye. Siku za maabara mwalimu aligawa kazi, wavulana wapime, msichana aoshe vyombo. "Basi mimi naosha, dada," akasema, na akainua kikombe changu kuonyesha, "lakini chombo cha kioo kina mistari. Nikikiosha nakijaza maji mpaka mstari huu, namwaga, najaza mpaka ule. Nikajifunza kwenye karo la kuoshea vyombo. Nikagundua wavulana wanasoma vibaya, wamesimama, wanaangalia kwa juu. Maji kwenye kioo yanajikunja katikati kama bakuli. Lazima ushushe jicho likae sawa na maji, usome pale chini kwenye tumbo la bakuli." Nikamuuliza, na tofauti ni kubwa? Akasema ni ndogo sana. Nikamuuliza, sasa? Akaniangalia kama nimemtukana mama yake.

Kitu kimoja alikitaka, na kila aliyekula kwangu alikijua. Chuo cha hali ya hewa huko Dar es Salaam kilikuwa kinachukua mtu mmoja kutoka mkoa wetu. Bwana Shamba, mkubwa wa lile shamba la pamba, mtu wa mbali mwenye kuogopa kila kitu isipokuwa mshahara wake, alimwambia, "Binti, ukinipa msimu mzima bila siku moja ya pengo, jina lako ndilo nitakalopeleka." Minza akaanza kuishi kwa ajili ya saa tatu. Akiwa na homa alikwenda. Jumapili watu wa kanisani walimwona anakata uwanja peke yake na kile kioo mkononi. Na akifika pale, kwa kuwa bomba liko chini na jicho lazima lishuke, alikuwa anaweka kioo juu ya jiwe, anapiga magoti yote mawili mbele yake, anainamisha kichwa, anatulia.

Mtu asiyejua Usukumani hataelewa. Kwetu mwanamke anapiga goti kwa mkubwa. Ndivyo tunavyoamkia, ndivyo tunavyompa mzee maji. Sasa hapa kuna msichana asiye na mume, kila siku saa ileile, anakwenda kuipigia magoti chupa, ameiinamia haongei, halafu maji machache yaliyomo anayamwaga chini, anafunika. Na mvua haiji. Mahindi yamejikunja, ng'ombe wanalala wasiamke. Luhende hakuwahi kupiga magoti, kwa hiyo hakuna aliyemwogopa. Nimelifikiria hili kwa miaka mingi na halijawahi kuwa jepesi: kama angeifanya kazi yake vibaya, angekuwa salama.

Niliyasikia kwanza ukutani. Masanja, mwenye mkokoteni wa ng'ombe, mtu mkubwa wa sauti anayechechemea, alikuwa mezani na wenzake wawili.

"Manyunyu yale ya juzi," akasema, "mimi nimemwona. Aliyamimina kwenye kioo, akayaamkia, akayamwaga."

"Akayaamkia?"

"Magoti mawili. Hata kama mimi ningekuwa baba mkwe wake, asingenipigia magoti hayo."

"Wewe nani akupe mkwe, na huo mguu."

Wakacheka. Kisha yule mwingine, mzee kidogo, akasema bila kucheka, "Nani anakwenda kwenye kitu saa ileile kila siku, mvua isiwepo, jua liwepo? Kazini mtu anachelewa. Kwenye dawa ndiko mtu hachelewi."

Niliweka mwiko chini nikatoka jikoni. Nikawaambia yule ni mfanyakazi, anapima, analipwa. Masanja akasema, "Mama Shija, sisi tunakunywa chai." Na kweli waliendelea kunywa chai, polepole.

Halafu mama yake Masanja akafariki. Kwetu maiti ikiwa haijazikwa hakuna mtu anayeshika jembe, hakuna anayekwenda kazini, kijiji chote kinakaa chini. Tulikwenda wote, Minza pia, alikuwa amebeba kuni kama wanawake wengine. Tumeketi uani kwa Masanja, jua linapanda, nikamwona anaangalia kivuli cha nguzo. Nikamshika mkono. Nikamnong'oneza, "Leo usithubutu." Akasema, "Ni muda mfupi tu, dada. Nikikosa leo nimekosa mwaka." Akainuka mbele ya wote, akapita katikati ya wanawake waliokuwa wanalia, akaenda zake. Kutoka pale uani uwanja wa shamba unaonekana wazi. Watu wote waliogeuka walimwona akipiga magoti. Masanja alikuwa amesimama karibu na mlango wa marehemu, na sikuwahi kuona uso wa mtu ukifunga namna ile. Sikumlaumu. Alikuwa amefiwa na mama.

Baada ya mazishi wakasema ndiye anayeifunga mvua, wakamtenga. Hakukuwa na barua wala tangazo, lilipita mdomo kwa mdomo: asipewe moto, asichote kisima kimoja na watu, asisalimiwe. Atakayempa, naye atatengwa, au atatoa ng'ombe wa kuliwa na wazee. Sijui kama kijana wa leo mwenye simu anaweza kujua uzito wa kutosalimiwa. Minza anatoka asubuhi, anasema "Mwangaluka," kama ilivyo desturi yetu ya kuamkiana, na mtu anapita kama amepita nguzo. Watoto walifundishwa kumkimbia. Wanawake wenzangu walivuta kanga midomoni. Wajumbe wakaja kwangu, wakakaa benchini, wakaniambia nimtoe. Nikawaambia chumba nimepangisha, na moto wa jikoni kwangu ni wangu, nimeukoka mwenyewe, na anayetaka kuniambia nimpe nani aje kwanza anichanjie kuni. Wakaondoka. Wateja wakapungua, nikabaki na madereva wa malori ambao hawajali. Nililala njaa na mwanangu mara kadhaa na sikumtoa. Sisemi hivi nisifiwe. Nasema kwa sababu kutomtoa hakukumsaidia kitu, na hilo ndilo linalonirudia.

Mwishowe wakamwita mkutanoni, asubuhi, chini ya ukuta wa ghala la pamba. Bwana Shamba alikaa pembeni kwenye kiti chake cha kukunja anaangalia viatu. Minza alikuja na kila kitu, chupa, faneli, kioo. Alidhani wakielewa itakwisha. Akawaeleza vizuri, kwa Kisukuma. Mzee mmoja, mpole kabisa, si mtu mbaya, akamuuliza, "Binti yangu, ukishaangalia, maji unayapeleka wapi?"

"Nayamwaga, baba."

"Kwa nini usiyaache yakae, yaite wenzake?"

"Nikiyaacha, baba, kesho nitapima ya jana pamoja na ya leo. Nitakuwa nimesema uongo."

"Na ukisema uongo nani anakufa?"

 Nilimwona akitafuta la kumjibu. Angeweza kusema chochote, lakini yeye alikuwa anatafuta jibu la kweli, na alipokawia watu wakaanza kuguna. Wakaamua bomba ling'olewe, chupa ipinduliwe mdomo chini, vifungiwe ghalani mpaka mvua inyeshe. Bwana Shamba akasema, "Waache wapate amani, binti. Siku chache tu. Wewe andika sifuri." Minza akasema, "Sifuri ni kitu kilichopimwa." Bwana Shamba akamwambia asimletee Kiingereza, ingawa alikuwa amesema Kiswahili. Siku ya pili yake akapanda gari kwenda Shinyanga mjini kwa shughuli zake, ufunguo wa ghala mfukoni.

Mvua ikaja siku ileile, baada ya chakula cha mchana. Kwanza upepo na vumbi jekundu, kisha giza upande wa mashariki, kisha matone makubwa yanayoacha mashimo kwenye mchanga. Minza alikimbia ghalani, akakuta kufuli. Akampigia Luhende kelele afungue, Luhende akasema ufunguo umekwenda mjini, na ninaamini alisema kweli. Akarudi nyumbani amelowa chapachapa, akaingia jikoni, akashika sufuria yangu kubwa iliyonyooka pembeni, akaiweka katikati ya ua kwenye mawe matatu, akakagua kama imekaa sawa. "Itatosha," akaniambia, meno yanagongana. "Mdomo umenyooka, tako limenyooka, nitaingiza rula. Itatosha, dada." Tukasimama mlangoni tunaitazama inajaa. Ilinyesha ile mvua ambayo watu huwapa watoto jina lake. Sikuwahi kumwona na furaha namna ile, amejikunyata, mikono kwapani, midomo inahesabu.

Wakaja wakiimba. Kijiji chote kilikuwa nje, wanaume wamevua mashati, wanawake wanapiga vigelegele, na Masanja mbele. Hawakuja kwa ubaya, na hili naomba msomaji anielewe. Hawakumgusa. Waliiona ile sufuria katikati ya ua inakusanya maji, na hofu ikawarudia. Masanja akaipiga teke. Kisha wakaanza kupindua kila kitu pale uani, ndoo, mtungi, karai la kuoshea vyombo, bakuli la mbwa, ili asifunge tena hata tone. Watu waliokaa na kiu miezi yote ile walikuwa wanamwaga maji kwa mikono yao na wanacheka kwa nafuu. Mimi baadaye nimekaa Geita, nimepikia wachimbaji, nimeona watu wakitolewa kwenye mashimo wamekufa wima, vumbi machoni. Hayo hayanijii usingizini. Kinachonijia ni ule mlio, vyombo vyangu vikipinduliwa kimoja baada ya kingine ndani ya mvua, na Minza karibu yangu akisema taratibu, si kwa mtu, "Subirini kidogo. Subirini kidogo tu."

Kesho yake wakamsamehe. Hilo ndilo lililommaliza. Asubuhi wanawake walimwamkia kwa furaha, mmoja akamletea maziwa kwenye kibuyu, yule mzee mpole akapita na fimbo yake akamwambia, "Asante, mwanangu, umetuachilia." Masanja alikuja mwenyewe kunywa chai, akamsalimia kwa jina la ukoo wake. Kwao jambo lilikuwa limethibitika. Walimnyang'anya chupa, mvua ikanyesha. Ungewaambia nini? Minza aliyapokea yale maziwa kwa mikono miwili, akashukuru, akaingia chumbani, na nilipochungulia alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, kibuyu mapajani, hajanywa.

Bwana Shamba alirudi na tope mpaka magotini, mchangamfu. Walizungumzia mezani kwangu, mimi niko nyuma ya madebe.

"Binti, mjini wamepima. Nimekuletea namba yao. Jaza hiyo, tumemaliza, jina lako linakwenda."

"Mjini siyo hapa, mzee."

"Mvua ni ileile."

"Siyo ileile. Hapa ilianza saa nane. Sijui mjini."

"Nani atakuja kuangalia?"

 Nikasema moyoni, jaza, jaza mwanamke wewe, jaza uende. Kama ningekuwa mimi ningejaza na kuongeza ya kwangu juu. Akasema, "Nitaacha wazi, mzee. Sikuipima."

"Basi ni pengo."

"Ni pengo."

Nikasikia kiti kinasukumwa. Jina lililokwenda lilikuwa la Luhende. Alikuwa ni mwenyeji wa kazi, Bwana Shamba akasema, na karatasi zake za nyuma hazikuwa na pengo hata moja. Minza alifunga godoro lake na kupanda lori. Aliniachia kanga, na hakulia, na hakusema neno baya juu ya mtu. Mpaka Luhende aondoke kwenda Dar es Salaam, alirudishwa kwenye lile bomba. Sasa kwa kuwa ana chuo mbele alikwenda kweli kila siku, na watu wakawa wanamfuata kumuuliza jana ilikuwa ngapi, wanajivunia kama ni ng'ombe wao. Siku moja nikamuuliza Masanja, "Na huyu hafungi mvua?" Akapuliza chai yake. Akasema, "Mama Shija, huyu yuko kazini." Hakuwa anatania. Alisema kama mtu anayemweleza mtoto.

Miaka ilipita. Nilihamia Geita kufuata wachimbaji na tumbo lao, nikauza wali, nikanunua mashine ya kusaga, nikajenga. Siku moja nimepeleka unga kwenye shule ya wasichana, nikasikia sauti jikoni naijua. Minza, amenenepa, aproni kiunoni, wasichana wamemzunguka na mabakuli. Alikuwa amepata ualimu kwa njia nyingine, na walipoona ni mwanamke wakampa somo la mapishi; fizikia ilikuwa na mwalimu wake, mwanaume, aliyekuja mara moja moja. Tulikumbatiana. Tukaketi kwenye benchi la nje, akaniletea chai na mkate wa wasichana wake. Nilikuwa nimejiandaa aniulize kuhusu Masanja, ambaye alikwisha kufa, au Luhende, ambaye alikwisha kuwa mkubwa wa mahali fulani. Hakuniuliza habari ya mtu yeyote. Alifuta unga kwenye vidole.

"Dada," akasema, "ile mvua ya siku ile. Wewe ulikuwepo. Sufuria ilikuwa imefika wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole kwenye mguu wa benchi, kutoka chini mpaka pale maji yalipofika. Akauangalia mkono wangu kwa makini. Akainama, akashusha jicho lake likakaa sawa na kidole changu.

"Hapa?"

"Hapo. Au juu kidogo. Ilikuwa nyingi, mdogo wangu."

"Nyingi," akasema. Akajiinua taratibu, ameshika mgongo. Ndani msichana mmoja akaita kwamba mkate unaungua, naye akaenda kuuangalia.